Mikono ya Allah Ditta

Kijijini kwao, nje kidogo ya mji wa Sialkot, Pakistan, mtu akiteguka hakuuliza hospitali iko wapi. Aliuliza kama Allah Ditta Pehlwan yuko nyumbani. Mzee huyo alikuwa pehlwan, yaani mpiga mieleka, enzi zake, na uwanja ulipomshinda akageukia kukanda mifupa, kama wapiga mieleka wengi wa kwao.

Basi binti yake Musarrat alipoporomoka ngazini kiwiko kikateguka, mzee alikirudisha mwenyewe, kikaingia vizuri. Laiti angeishia hapo. Lakini Musarrat alikuwa mshonaji wa mipira ya kandanda, kazi ya kuvuta uzi kwa mikono miwili, na kiwiko kilikuwa kizito kukunjika. Kila asubuhi baba alimkanda kwa mafuta moto ya haradali, akiuvuta mkono kwa nguvu.

"Abba, unaniua."

"Kelele. Wewe mtoto wa pehlwan au wa muuza maziwa?"

Mkono ulivyozidi kukakamaa, ndivyo naye alivyozidi kukanda. Ulipogoma kabisa, akameza kiburi, wakaenda mjini.

Daktari Tehmina aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga. Mbele ya kiwiko, mahali pa nyama, palikuwa na wingu jeupe.

"Huu ni mfupa," alisema. "Umeota ndani ya msuli. Msuli ulioumia ukikandwa kwa nguvu, unaweza kugeuka hivi. Nani alikukanda?"

Baba alitazama sakafu. Musarrat alimwonea huruma.

"Jirani," akasema.

"Amekuharibu. Tukiukata sasa utaota tena. Tutakuwa tunakupiga picha mpaka ukomae, labda mwaka, ndipo tuukate. Kushona mipira, dada, usahau. Na mtu asikukande tena."

Nyumbani walimkuta mama mmoja na bintiye mdogo, kiwiko cha mtoto kimevimba. Musarrat alingoja baba awaambie waende kupiga picha. Aliamini kabisa atasema.

"Mshike vizuri," Allah Ditta akamwambia yule mama. "Musarrat, pasha mafuta."

Musarrat hakupasha mafuta. Akavua shali, akausogeza mkono wake uliokakamaa mbele ya macho ya yule mama.

"Huyu baba yangu ndiye aliyenikanda, shangazi. Mpeleke mtoto hospitali."

Mama aliutazama ule mkono, akambeba mwanawe, akatoka bila kuaga.

"Umenimaliza, mwanangu," baba akasema.

"Ulianza wewe, Abba."