Harusi ya Siku Isiyo na Wingu

Mama gani huombea mvua siku ya harusi ya mwanawe? Huyu fundi cherehani, ambaye jengo zima lilimwita Mama Korido, aliamka mapema, akachungulia nje, akaliona anga halina hata kipande cha wingu, akasonya.

Tumwelewe kwanza kabla ya kumcheka. Wakati wa vita, ndege za mabomu zilizipenda siku za namna hiyo. Mawingu yakitanda, watu walifua nguo, wakatembeleana, hata wakagombana kwa raha zao; jua likiwaka tu, kila mtu alijificha. Redio ilikuwa imetangaza kwamba mahali salama ni katikati ya kuta mbili, mbali na vioo. Basi Mama Korido akahamishia maisha yake yote kwenye korido ya chini: magodoro, jiko, cherehani na binti yake wa pekee. Majirani wakamfuata, naye akawatawala bila huruma. Yeye ndiye aliyepanga nani alale wapi, na mwenye duka, kwa kuwa alikoroma, akatupwa mwisho kabisa. Bomu lilipobomoa soko, vioo vyote vya jengo vilimwagika, lakini koridoni hakuna aliyekwaruzwa. Mumewe tu ndiye aliyekuwa ametoka asubuhi ile kumnunulia uzi. Hakurudi.

Vita vikaisha. Majirani wakarudi vyumbani mwao mmoja mmoja, yeye akabaki palepale na cherehani yake. Akienda dukani alijibanza chini ya vibaraza, na ua wa jengo hakuukanyaga tena, kwa sababu ua hauna paa.

Binti yake akaja na habari kwamba harusi itafanyika uani.

"Korido inatosha," mama alisema.

"Mama, humu watu wawili hawapishani. Mama mkwe wangu akiingia, hatoki mtu."

"Basi akae mlangoni, azibe upepo."

Walicheka, kisha binti akamshika mikono. "Mimi sikudai kitu kingine. Nataka ukae ubavuni kwangu nikiolewa. Baba hayupo. Na wewe usiwepo?"

Maneno hayo yalimchoma. Bwana harusi, kijana fundi bomba mwenye roho nzuri, akajitolea kufunga turubai juu ya ua wote ili mama mkwe wake apate ujasiri.

"Turubai limezuia bomu tangu lini?" mama alimuuliza. "Nitawatazama kutoka mlangoni. Macho yangu bado mazima."

Ndivyo ilivyokuwa. Viti vilipangwa uani, wageni wakajaa, na yeye akasimama mlangoni mwa korido katika gauni alilojishonea, mguu mmoja kizingitini. Mama wa bwana harusi alipita akinukia manukato, akamtazama kwa huruma ya kuudhi.

"Mwenzangu, bado tu? Sisi kwetu tulishasahau zamani. Vita vimekwisha, dada yangu!"

Mama Korido alikuwa anamtazama binti yake, ambaye kila mara aligeuza shingo kuangalia mlangoni. Mfungishaji ndoa alipouliza kama mama mzazi yupo, mtu akajibu, "Yupo mlangoni," na wageni wakacheka. Mama Korido aliona haya. Aliunyanyua mguu, akaurudisha. Alijichukia kwa hilo, lakini mguu haukwenda.

Hapo ndipo uliposikika mngurumo.

Ulitokea nyuma ya mapaa, ukakua haraka. Tangu vita viishe hakuna ndege iliyokuwa imepita pale. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na uani pale wote walikuwa wameumwa. Viti vilipinduka. Bila mtu kusema neno, wageni walitimua mbio kuelekea koridoni, mama wa bwana harusi akiwa mbele ya wote, mfungishaji ndoa amejifunika kichwa kwa koti lake.

Mtu mmoja tu alikimbia kuelekea upande wa pili. Alipita katikati yao akiwasukuma kwa viwiko, kwani uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mwanawe alikuwa bado uani: pindo la shela limenaswa na mguu wa kiti, bwana harusi ameinama juu yake akivuta. Mama alijirusha akawafunika wote wawili.

Ndege ikapita chini chini, kubwa, nyeupe, yenye safu ya madirisha madogo na magurudumu yaliyokwisha kushushwa. Ikaenda zake kutua.

"Mama," ilisema sauti ya bwana harusi kutoka chini, "ni ndege ya abiria. Wamefungua tena uwanja wa ndege."

"Nyamaza, lala chini!"

"Nimeshalala, mama. Wewe ndiye umenilalia."

Binti ndiye aliyeanza kucheka, cheko la kuvunja mbavu, hata mama akatikisika juu yake. Alijiviringisha pembeni, akalala chali. Anga lote lilikuwa juu yake. Aliogopa, ndiyo, lakini alikuwa nje na alikuwa hai, na furaha ilimjaa mpaka machozi yakamtoka.

"Jamani, nimekwama!" ilisikika sauti ya mama wa bwana harusi kutoka mlangoni.

"Na mimi nimejikuta mwisho kabisa, palepale uliponipanga!" alilalamika mwenye duka kutoka gizani.

Mama Korido akainuka, akajikung'uta vumbi, akaokota kiti kilichopinduka, akakiweka ubavuni kwa binti yake na kukikalia.

"Tokeni huko ndani!" aliwapigia kelele. "Mnamchelewesha mwanangu!"