Mtoto wa Kwenye Kadi

Kufikia saa tatu asubuhi Coleta alikuwa ameshachambua gunia zima la maharage, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Juni. Ghala halikuwa na mlango. Upepo uliingia na kutoka kama mwenye nyumba. Wanawake waliketi juu ya viroba, wakitenga mbovu na nzima, huku wakimsema Cornelia aliyefukuzwa juzi. Msimamizi alipoliona tumbo lake alisema hapa si wodi.

"Angefunga uzi kiunoni, mafundo saba," alisema Mama Mboje. "Mimi ndio ulionisaidia."

"Mama Mboje, si una watoto tisa?"

"Ulikuwa unakatika."

Ghala zima likacheka. Coleta hakucheka. Jumamosi mchumba wake, Nyanda, alikuwa anarudi kutoka kuswaga ng'ombe, na Nyanda alikuwa na elimu yake: kondomu za bure zina vitundu, na mara moja haileti mimba. Mara ya kwanza Coleta alimwamini, kisha akahesabu siku hadi akakonda. Kule kwao Mpui mama yake na wadogo zake wawili walikula kwa maharage haya.

Akaomba ruhusa, akasema jino linamuuma.

Kwenye zahanati ya karibu mlango wa chumba ulikuwa wazi, foleni inasikiliza.

"Shikamoo. Nataka uzazi wa mpango."

"Sema kwa sauti," alisema nesi.

Akarudia.

"Umezaa mara ngapi?"

"Bado."

"Sasa hujazaa, unapanga uzazi upi?" Nesi aliigeukia foleni kama anayetafuta mashahidi. "Ukichomwa sindano hii hujazaa, kizazi kinakauka. Kazae kwanza, uje na kadi ya mtoto. Au uje na mumeo."

"Anapanga vyombo, nyumba haijajengwa," alidakia mama mmoja, na watu wakaangua kicheko.

Coleta alitoka ameinamisha uso. Angeweza kurudi ghalani. Badala yake aliukata mji kwa miguu, akaipita stendi, akalipita soko, hadi zahanati nyingine asikojulikana. Njia nzima midomo yake ilikuwa inacheza kama ya mtu anayekariri sala.

"Umezaa mara ngapi?" aliuliza nesi wa huko, mama mnene aliyevaa sweta juu ya gauni jeupe.

"Mara moja."

"Mtoto yuko wapi?"

"Alifariki."

Kalamu ikasimama. "Pole, mwanangu. Alikuwa na umri gani?"

"Miezi minne."

"Aliugua nini?"

Ugonjwa hakuwa ameuandaa. "Homa," akasema.

"Aliitwa nani?"

"Yonas." Jina lilitoka lenyewe.

Nesi akaliandika kwenye kadi. Akampima presha, akamchoma, akamweleza taratibu kwamba sindano haiui kizazi. Akiacha atazaa, pengine achelewe kidogo tu. Ila haizuii Ukimwi. Akamwekea na kondomu kwenye karatasi.

"Wanasema zina vitundu," Coleta alinong'ona.

"Wanaosema hivyo hawataki kuzivaa. Rudi baada ya miezi mitatu."

Mlango wa huku nao ulikuwa wazi. Coleta alipotoka, bibi mmoja kwenye benchi alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Jikaze, mjukuu wangu. Mungu atakupa mwingine."

Benchi zima lilikuwa linamtazama kwa huruma, likingoja.

"Amina," Coleta akasema.