Nati za Masikio Mawili

Muasya alikuwa fundi wa malori, na hapo tuelewane tangu mwanzo. Hakuwa fundi wa magari ya anasa. Tangu siku za vita vya Wazungu alikuwa akitengeneza malori ya mkonge katika shamba moja upande wa Ngoliba, na lori likishatoka mikononi mwake halikurudi likivutwa kwa kamba. Ungemwuliza mtu yeyote kati ya Thika na Ruiru angekuambia hivyo. Angekuambia pia kwamba mzee huyo ana kichwa kigumu. Yote mawili yalikuwa kweli.

Mwaka ule wa hamsini na sita, mvua za Aprili zilimchukua mkewe, Kamene. Homa ya mapafu, siku chache tu, basi. Muasya alimzika, akapokea pole za watu, na kesho yake akaonekana gereji amelala chini ya lori. Hakulia. Watu wakasema huo ndio uanaume. Uanaume gani? Mtu alikuwa amekufa ganzi! Alikula ugali asijue kama ni wa moto au umelala. Siku moja aliegemeza kiganja kwenye bomba la moshi la lori lililotoka safari sasa hivi, na akajua kwamba anaungua pale tu aliposikia harufu ya ngozi. Aliutazama mkono ule kama wa mtu mwingine, akaupaka grisi, akaendelea na kazi.

Binti yake wa pekee, Kalondu, ndiye aliyelia kwa niaba ya wote wawili. Alipomaliza kulia akaanza kumwogopa baba yake.

"Baba, chai imepoa," angemwambia.

"Haidhuru."

"Nikupashie?"

"Haidhuru, Kalondu."

Huyo Kalondu alikuwa amechumbiwa na Odhiambo, fundi msaidizi wa Muasya pale pale gereji. Mjaluo wa watu, ndiyo, na maneno yalisemwa sana katika nyumba za vibarua. Kamene ndiye aliyeyanyamazisha. Alisema kijana akiwa na heshima na mikono safi siku ya Jumapili, yeye hana la zaidi la kuuliza. Basi Februari, Kamene akiwa bado mzima, Odhiambo alileta mbuzi wa ntheo, wale wa kufunga uchumba, kama Wakamba wanavyotaka. Damu ya mbuzi ikamwagika, Kalondu akawa wa watu.

Sasa sikiliza hapa, maana mambo yote yaliharibikia hapa. Kabla ya mbuzi, Muasya na Odhiambo walikuwa wakibishana gereji kutwa: kuhusu kabureta, kuhusu serikali, hata kuhusu kama samaki ni nyama au si nyama. Baada ya mbuzi, kimya. Mkwe habishani na mkwe. Wakamba wanaiita nthoni, ile heshima iliyochanganyika na haya, na Wajaluo nao kwa wakwe hawana mchezo. Odhiambo alijifunza kusema "ndiyo, mzee" na kuangalia chini. Gereji ikawa na adabu kama kanisa, na kazi ikakosa mtu wa kuuliza swali.

Mwezi wa tisa, meneja wa shamba alinunua gari. Vibarua walimwita Bwana Mbio, na huhitaji kuambiwa sababu. Gari lenyewe lilikuwa jekundu, dogo, halina paa, lina viti viwili tu. Lilikuja na magurudumu ya kawaida, ya kufungwa kwa nati nyingi. Bwana Mbio hakuyataka. Kule kwenye mashindano yao ya magari, wenzake walikuwa na magurudumu ya spoki yanayoshikwa na nati moja tu, kubwa, katikati. Nati yenyewe ina masikio mawili: unaigonga sikio kwa nyundo, inakaza, unaigonga upande wa pili, inalegea, na gurudumu limetoka kabla hujameza mate. Alipata magurudumu ya namna hiyo Nairobi, kutoka kwenye gari lililopinduka, pamoja na habu zake nne, vile vitovu vya kati ambavyo gurudumu na nati hufungwa juu yake. Nati zilikuwa zimegongwa miaka mingi mpaka maandishi ya kuonyesha upande yakafutika.

"Muasya, wewe naweza funga hii?" Bwana Mbio aliuliza kwa Kiswahili chake cha shambani.

"Naweza, bwana."

Muasya alizipanga zile habu juu ya gunia. Alizijaribu moja moja, akaona kwamba mbili zinakaza nati kwa kuzungushia kulia, kama nati zote duniani, na mbili zinakaza kwa kuzungushia kushoto. Hilo halikumshangaza. Malori yake yalikuwa hivyo hivyo: nati za magurudumu ya kushoto zinakaza kushoto, za kulia zinakaza kulia. Hata pedali za baiskeli ni hivyo. Kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia. Aliijua kanuni hiyo kama Baba Yetu. Akachukua habu za kushoto, akaenda nazo upande wa kushoto.

Odhiambo alikuwa amepiga magoti kando, ameshika kopo la grisi. Alikohoa.

"Mzee."

"Nini?"

"Nilipokuwa Kisumu, kuna Mhindi mmoja alikuwa na gari ya namna hii. Nafikiri zake zilikuwa... ni kama zilikuwa zimegeuzwa. Kwa sababu hapa nati ni moja, iko katikati, inazunguka na gurudumu lenyewe."

Mwezi wa kwanza wa mwaka ule ule, Muasya angetupa spana chini na wangebishana mpaka jua lizame, na katikati ya mabishano mmoja wao angefunga upande mmoja, wangejaribu, wangeona. Sasa alimtazama tu.

"Kisumu ni Kisumu," alisema.

"Ndiyo, mzee," Odhiambo akasema, akaangalia chini.

Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuambia mkuu asiyesikia la mdogo huvunja guu la nani.

Kazi ikaisha. Lo, gari lilipendeza! Wanawake wa mkonge walisimama kulitazama, spoki zinameta. Bwana Mbio alikwenda nalo hadi Thika akarudi anacheka, vumbi mpaka kwenye meno. Muasya alichukua nyundo ya shaba kuzikagua zile nati. Ya kwanza ilizunguka sana kabla ya kukaza. Ya pili pia. Zote nne zilikuwa zimelegea.

Alisimama na nyundo mkononi. Mahali fulani kichwani mwake kitu kilitaka kuulizwa, lakini swali halikupata nguvu ya kuja juu. Habu ni ngeni, alijiambia, zinatafuta makazi. Akazigonga zote mpaka zikakaza, akaenda kunawa mikono.

"Ziko sawa?" Bwana Mbio aliuliza.

"Ziko sawa, bwana."

Bwana Mbio alifurahi kiasi cha kutoa zawadi. Alikuwa amesikia kwamba binti wa fundi anaolewa Jumamosi, kule Ruiru, katika kanisa analosali kaka yake Odhiambo. Akatangaza mbele ya watu: bibi harusi hatapanda lori. Atampeleka yeye mwenyewe, kwa gari jekundu. Vigelegele vikapigwa. Kalondu akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka kwa sauti. Odhiambo alimtazama Muasya. Alimtazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Muasya alikuwa anasema, "Asante, bwana."

Jumamosi asubuhi alizigonga tena nati zote kwa nguvu zake zote. Kalondu alipanda, gauni jeupe limejaa kiti kizima, shela ameishika kwa mkono isipeperuke. Gari likaondoka. Muasya na jamaa wengine walifuata kwa lori la mkonge, wanawake nyuma wakiimba nyimbo za kanisa. Kwenye kizuizi cha askari, kabla ya kufika Thika, walisimamishwa. Ilikuwa Hali ya Hatari, na askari walitaka kuona kipande, kile kitambulisho, cha kila mwanamume. Gari la Mzungu, askari mmoja alisema, lilipita zamani bila kusimama.

Walikuwa wameiacha Thika nyuma dereva alipopunguza mwendo. "Kuna kitu kinang'aa barabarani," alisema.

Muasya alishuka, akakiokota. Ilikuwa nati ya masikio mawili. Bado ina joto la jua, haijapinda popote. Aliigeuza mara moja mkononi, na pale pale akaelewa jambo lote, kwa utulivu, kama mtu anayesomewa tangazo. Gurudumu likienda mbele linaizungusha nati kwenda kulegea. Habu za kushoto zilipaswa kufungwa kulia. Odhiambo alisema kweli. Na binti yake yuko mbele katika kiti cha gari lile.

Alingoja hofu ije. Alisimama katikati ya barabara akaingoja, na haikuja. Alijua tu kwamba inafaa kukimbia, kwa hiyo akakimbia, akapanda lori. "Endesha," akamwambia dereva. Nyuma wanawake walikuwa bado wanaimba.

Gari wakalikuta Mugutha, kabla ya kufika Ruiru. Lilikuwa limelala nje ya barabara, kwenye kahawa, gurudumu moja la mbele halipo, pua imechimba udongo. Bwana Mbio amekaa kwenye nyasi, ameshika mkono uliovimba, damu imemtiririka kutoka kwenye paji. Na Kalondu amesimama. Mzima! Amepoteza kiatu kimoja, gauni limechanika kutoka gotini hadi chini, ametapakaa udongo mwekundu, lakini mzima. Odhiambo alikuwa ameshafika. Mtu mwenye baiskeli alikuwa amepeleka habari Ruiru, naye Odhiambo akaichukua baiskeli ile ile akaja amevaa suti ya kuazima, jasho linamtoka.

"Ngai! Ngai wangu!" wanawake walipiga kelele wakiruka kutoka kwenye lori.

Bwana Mbio aliinua kichwa. "Nani nafunga gurudumu hii?" alifoka. "Nani?"

Muasya alifungua mdomo. Odhiambo akamtangulia.

"Ni mimi, bwana."

Hakumtazama Muasya. Aliangalia chini, kama alivyozoea tangu mbuzi. Mkwe hamvui nguo mkwe wake mbele ya watu, hata kwa kufa.

Kalondu alimgeukia mchumba wake polepole. "Wewe?" alisema. "Wewe, Odhiambo? Kazi ya gari ninalopanda mimi, siku ya harusi yangu, ukafanya ovyo namna hii? Ungeniua!" Akampiga kifuani kwa ngumi, mara ya kwanza, mara ya pili. Odhiambo alisimama tu akapokea.

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Tusidanganyane, Muasya aliona wazi jinsi ilivyo rahisi. Kila kitu kingejipanga chenyewe. Kijana angefukuzwa kazi, binti angenuna mwezi mmoja akasamehe, na yeye angerudi chini ya lori lake.

"Anadanganya huyo," alisema. "Nilifunga mimi. Alijaribu kuniambia ninakosea, nikamkatiza."

Kalondu akashusha ngumi.

"Hukujua kama ni mimi nitapanda?"

"Nilijua baadaye. Na nilizikagua, nikakuta zimelegea. Nikazigonga tena."

"Ukakuta zimelegea." Alikuwa anasema polepole, kama mtu anayehesabu. "Na hukuogopa?"

Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema kuhusu malori na kanuni ya malori, na yote yangekuwa kweli. Lakini alikuwa ameanza kusema ukweli na hakujua pa kuusimamishia.

"Sikuogopa. Tangu mama yako azikwe sijaogopa kitu. Sijali kitu, Kalondu."

"Hata mimi?"

Alijitazama ndani. Alijitazama kweli, kwa bidii, jinsi mtu anavyochungulia ndani ya mtungi.

"Sijui," alisema.

Odhiambo akasema kwa sauti ndogo, "Mzee, tafadhali." Kalondu alivua kiatu kilichobaki, akakitupa kwenye kahawa, akampa Odhiambo mkono, wakapanda lori. Bwana Mbio walimpakia mbele kando ya dereva. Muasya alipanda nyuma mwisho wa wote, na wanawake wakasogea kumwachia nafasi kubwa kuliko aliyohitaji.

Walipofika Ruiru walimpeleka Mzungu kwa daktari, kisha wakaingia kanisani. Kalondu aliingia pekupeku, gauni limefungwa kwa pini za kuazima. Muasya alikaa kiti cha mbele, mahali pa baba. Wimbo ukaimbwa. Mchungaji akasoma, akafunga kitabu kwa kidole, akauliza kama desturi ilivyo:

"Ni nani amtoaye mwanamke huyu aolewe?"

Muasya alianza kuinuka. Alikuwa ameshaegemea magoti, neno limeshafika mdomoni.

"Hakuna, Mchungaji," Kalondu alisema. Hakugeuka nyuma. Sauti yake haikuwa na hasira. "Endelea tu."

Mchungaji alisita, akamtazama mzee aliyeinama katikati ya kukaa na kusimama, akamtazama bibi harusi. Kisha akaendelea.

Muasya akakaa. Ndipo kikamchoma, chini ya mbavu, upande wa kushoto, kwa nguvu iliyomfanya ashike kiti alichokalia kwa mikono miwili. Iliuma. Ee Mungu, iliuma! Kamene alikuwa amekufa, na gari lilikuwa limeanguka na mtoto wake ndani, na yote yalimjia kwa pamoja, Aprili na Jumamosi, akaanza kulia kwa sauti mbele za watu kama hajawahi kulia maishani.

Wilkister, shangazi yake Odhiambo, alikuwa ametangulia kanisani tangu asubuhi na hakujua lolote la Mugutha. Alimpa leso yake.

"Lia tu, baba," alimnong'oneza akimpapasa bega. "Kuozesha binti si mchezo. Ni machozi ya furaha hayo."

Alilia mpaka wimbo wa mwisho. Maharusi walipotoka walipita karibu naye kabisa, hata gauni likamgusa goti. Odhiambo aliinamisha kichwa kwa heshima. Kalondu alipita.