Bwawa la Baada ya Chakula

Ndani ya mlango wa kabati la vyombo, jikoni kwetu, kulikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya mabomba. Aliyeibandika ni Baba, na akibandika kitu yeye, hakibanduki. Karatasi ilisema kwamba ili upewe shahada ya uhandisi wa mazingira unatakiwa utimize mambo manne: ufaulu hesabu na sayansi zote, ufaulu kozi zote za uhandisi, umalize mafunzo kazini, kisha utetee mradi wa mwaka wa mwisho mbele ya jopo.

Kila nilipomaliza moja, Baba alichukua penseli yake nene ya kuwekea alama mabomba akalipiga mstari. La kwanza lilinila miaka mitatu, maana mimi na hesabu tulikuwa paka na panya, na paka sikuwa mimi. Mchana nauza koki na viungo vya mabomba dukani, jioni nasoma. Nilianza nikiwa na miaka ishirini na saba, na siku ninayoisimulia nilikuwa na thelathini na minne. Darasani waliniita Shangazi. Sikukasirika. Shangazi ana haki ya kugomba, na mimi kugomba ndiko kunakonipa usingizi.

Lilibaki hilo la nne. Ng'ombe mzima nilishamla, mkia tu ndio ulionitazama.

Mradi wangu ulihusu mabwawa ya majitaka ya mji wetu, yale matatu mapana ambako kila kinachotoka vyooni hukaa juani mpaka kisafike. Baba alifanya kazi mabwawani miaka thelathini kabla ya kustaafu, kwa hiyo nilimchukua awe msaidizi wangu. Yeye alishika ufito wenye chupa mwishoni, mimi nikashika kipimo cha oksijeni. Miezi mitatu tulikwenda mara mbili kwa siku. Sasa, watu wa mabwawani hawaandiki saa. Huandika "kabla ya chai" na "baada ya chakula", kwa kuwa ndivyo zamu zao zilivyogawika tangu zamani. Mimi mtoto wa mabwawani nikaandika vivyo hivyo, wala sikuona ubaya.

Siku ya kutetea, Baba alivaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, akaketi kwenye benchi nje ya mlango wa chumba cha mikutano. Mlango ule haufungi sawasawa, kwa hiyo alisikia kila kitu. Ndani walikuwa watatu: mkuu wa idara, mama mfupi mwenye miwani inayoning'inia kwa uzi; mhandisi wa maji aliyealikwa, mtu wa maneno machache; na profesa tuliyemwita Nukta, kwa sababu ukisahau nukta ya desimali alikuwa anakukata alama bila huruma.

Nusu saa mambo yalikwenda vizuri. Kisha Nukta akafungua ukurasa wa arobaini.

"Oksijeni iliyoyeyuka, miligramu kumi na saba kwa lita," akasoma polepole. "Kwa joto la huku, maji hayashiki zaidi ya saba na nusu. Hata ya chemchemi. Wewe umepata kumi na saba kwenye majitaka?"

"Nimepata, Profesa."

"Mimi nimepima bwawa hilohilo miaka kumi na miwili. Sijawahi kupata hata mbili." Akaifunga ripoti. "Hizi namba zimepikwa."

Kanuni za chuo nilizijua kwa moyo: anayepika namba anafutiwa mradi, na anayefutiwa mradi kwa sababu hiyo anafukuzwa. Miaka saba yangu ilikuwa pale mezani, chini ya kiganja chake. Kilichoniuma zaidi ni kwamba kila chupa ilichotwa na Baba, na Baba alikuwa anasikia akiitwa mwongo.

Nilitaka kugomba. Nikaumeza ulimi kwanza, nikauliza.

"Profesa, huwa unakwenda saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi, daima. Kabla jua halijawa kali na harufu haijapanda."

Nje ya mlango mtu alicheka. Halafu kichwa cha Baba kikachungulia.

"Samahanini, wakubwa. Lile bwawa linanuka asubuhi. Mchana halinuki."

"Wewe ni nani, mzee?" Nukta akauliza.

"Mimi? Mimi ndiye mshika chupa."

Hapo ulimi wangu ukafunguka. Nikawaambia kwamba kijani kile kinachoonekana kwenye maji ni mwani, na mwani ukipigwa na jua hutengeneza oksijeni mchana kutwa, hata zaidi ya ile ambayo maji huweza kushika yakiwa yametulia tu kwenye hewa. Jua likizama, kila kiumbe mle ndani huivuta, na kukicha imekwisha, ndipo harufu inapoanza. "Namba zako za asubuhi ni za kweli, Profesa. Na zangu za asubuhi zinafanana na zako, ziko ukurasa wa thelathini na tisa. Wewe umesoma wa arobaini."

Mkuu wa idara akavaa miwani, akafunua. "Mbona sioni saa popote?"

"Nimeandika hapo, mama. Baada ya chakula."

"Chakula cha nani?"

Kosa lilikuwa langu, na nikalikubali palepale. Mkuu wa idara akatazama saa ukutani. Ilikuwa saa saba na nusu.

"Huko ni mbali?"

"Dakika ishirini kwa gari."

"Basi twendeni. Profesa, beba kipimo chako mwenyewe."

Tulitembea kwa mstari juu ya tuta, Baba mbele na ufito wake begani, aliouchukua kwenye kibanda cha zamu. Nukta alikuwa amejiziba pua kwa leso. Jua lilikuwa kali, maji ya kijani kibichi, na upepo ulitupiga usoni kutoka bwawani. Nilimwona akishusha leso kidogo, akanusa, akaishusha tena. Mwishowe akaitia mfukoni.

Baba akazamisha chupa, akaijaza mpaka mdomoni bila kuacha hewa. Nukta alisafisha kipimo chake, akakirekebisha mara mbili, akakitumbukiza. Sote tukainama.

Kumi na sita nukta tisa.

Akakitoa, akakifuta, akarudia kwa chupa nyingine. Kumi na saba nukta mbili. Yule mhandisi asiyesema akachukua chupa ya tatu, akaitikisa, akafungua kifuniko. Ikatoa vipovu vidogo kama soda.

"Hii haijapikwa," akasema. Hayo ndiyo maneno yake ya pekee siku nzima.

Mkuu wa idara akacheka mpaka miwani ikaanguka kifuani. Nukta alibaki akiyatazama maji. Kisha akamgeukia Baba.

"Mzee, kwa hiyo miaka yote hiyo nimekuwa nikikimbia harufu kwa kuja saa ya harufu?"

"Nilikuwa nakuona ukija," Baba akajibu kwa heshima. "Nikasema moyoni, huyu msomi ana pua ya chuma."

Nukta akacheka, kicheko ambacho hatukuwahi kukisikia darasani. Akamshika Baba mkono kwa mikono yake miwili, mkono uleule uliolowa maji ya bwawa, akasema, "Nisamehe, fundi." Halafu akanigeukia mimi. "Umefaulu. Lakini nakukata alama tano kwa ajili ya hicho chakula."

"Kata hata kumi, Profesa!" nikapiga kelele, na kelele zangu zilivuka mabwawa yote matatu. Nililia pia, sioni haya kusema, na Baba akatazama saa yake.

Tulipofika nyumbani Baba hakuvua hata viatu. Akafungua kabati, akatoa penseli nene sikioni, akapiga mstari wa nne, mrefu, mpaka ukatoka nje ya karatasi ukaingia kwenye mbao. Nilidhani amemaliza. Akainama tena, akaandika pembeni taratibu, ulimi ukiwa nje kidogo: saa nane na dakika kumi na tano, mchana.