Aliyelala Barazani

Wiki ya mwisho ya ile filamu yetu sikula vizuri wala sikulala vizuri, na sijawahi kufurahi vile tena. Mimi nilikuwa mkataji, mwenye kuviunga vipande vya filamu. Mwalimu wetu chuoni alinipa kazi hiyo kwa sababu nashona kofia za vito, zile za matundu madogo madogo. Alisema mtu asiyepotea kwenye matundu ya kofia hatashindwa na mkasi na gundi. Binamu yangu Faraj alikuwa mpiga picha. Tulipewa kamera ya kuazima, mikanda mitano ya filamu na jambo la kuonyesha: watu wasio na makao katika kisiwa cha Mombasa. Ilikuwa Februari, mwaka 1966, na joto la kaskazi lilikuwa limetukaba koo.

Tulifanyia kazi kwenye chumba cha juu kwa mama yake Faraj, Mji wa Kale. Vipande vya filamu nilivining'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Gundi ilikuwa na harufu kali hata tukawa tunacheka ovyo. Faraj akisema "sogeza", nacheka. Nikisema "kata", yeye anacheka. Shangazi alipanda ngazi mara mbili kutuuliza tumekula nini.

Kipande nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha mzee aliyelala barazani jua linapochomoza. Kikoi kimemfunika uso, mguu mmoja umening'inia ukingoni, na nyuma yake mlango mkubwa wa nakshi umefungwa. Kilidumu sekunde kumi na moja. Nilikiandikia maneno ya kusomwa juu yake: "Hana dari ila mbingu, hana mto ila mkono wake." Niliyasoma mwenyewe, nikalia mwenyewe. Nilijiona hodari kweli.

Filamu ilikuwa ionyeshwe Jumamosi, na aliyebaki kutupa ruhusa alikuwa Mama Mbodze, ambaye filamu karibu yote ilikuwa yake. Alikuwa yaya wa Wazungu fulani, akilala chumba cha uani. Wazungu walipofunga virago baada ya uhuru, nyumba ikauzwa na chumba kikaenda nayo. Sasa mchana aliuza mihogo ya kukaanga Mwembe Tayari, na usiku alilala kwenye baraza za mtaani kwetu. Alikubali kupigwa picha kwa sharti moja: aione filamu kabla ya mtu mwingine yeyote, na asipoparidhia mahali, pabadilishwe. Tulikubali upesi, tukidhani atasahau. Alhamisi adhuhuri akapiga hodi.

"Karibu, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, wanangu. Haya, nionyesheni."

Tukafunga madirisha, tukawasha mashine. Alijiona akimenya mihogo, akajiona akigombana na utingo wa basi, akacheka mpaka bega likamtikisika. Kisha ukaja ule mguu. Akainama mbele.

"Rudisha hapo. Huyu mwamjua?"

"Ni mzee asiye na makao," nikasema, kwa huzuni niliyokuwa nimeifanyia mazoezi.

"Huyu ni Mzee Jamaldin. Yuna nyumba ya ghorofa mbili. Huo mlango nyuma yake ni wake."

Faraj aliketi sakafuni. Mzee Jamaldin ndiye aliyetupa ukumbi wa kuonyeshea filamu, pamoja na viti, na ndiye aliyekuwa mgeni wetu wa heshima. Joto lilikuwa limemtoa ndani, kama linavyowatoa nusu ya wazee wa mtaa. Nasi, watoto wa Mji wa Kale, tuliokua tukiruka miguu ya babu zetu barazani, tulimpiga picha mwenye nyumba mbele ya nyumba yake, bila kujiuliza mlango ni wa nani, na kumlilia. Nilicheka nikashika mbavu. Faraj alicheka mpaka akapaliwa. Mama Mbodze naye alicheka, kisha akajipangusa macho kwa leso.

"Baraza hiyo ndipo nilalapo miye," akasema. "Mwenyewe alinipa ruhusa. Lakini joto likizidi hushuka yeye, nami hunyanyuka nikaketi baraza ya jirani hadi kuche. Siku hiyo nilikuwa papo hapo. Faraj, hukumbuki? Ulinambia nisogee nisiiharibu picha."

Kicheko kilinikauka. Nilimtazama Faraj, naye akautazama mkasi. Nilimkasirikia, kisha nikajikasirikia zaidi, maana aliyekililia kipande kile ni mimi. Nikauchukua mkasi.

"Nakitoa."

"Usikitoe," Mama Mbodze akasema. "Picha ni nzuri. Maneno ndiyo ya uongo."

"Mzee atatufukuza ukumbini, Mama," Faraj akasema. "Na kazi ya miezi minne imekwenda."

"Sharti ni lipi?"

"Usipoparidhia mahali, pabadilishwe," nikasema. Faraj akaleta kinasa sauti, akakiweka mbele ya Mama. Mama Mbodze alisema mara moja tu, bila kuandikiwa, na nilipopima, maneno yake yalienea sekunde zile kumi na moja barabara. Nilimkumbatia. Gundi ilikuwa bado mikononi, nikamharibia leso.

Jumamosi baada ya Alasiri tuliziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi. Mzee Jamaldin aliketi mstari wa mbele, kanzu imepigwa pasi, kofia mpya kichwani. Nilikaa kando ya mashine nikibana kicheko. Mguu ulipotokea, mtu mmoja akasema taratibu, "Huo si mguu wa Mzee Jamaldin?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee alisimama kuutazama vizuri. Ndipo sauti ya Mama Mbodze ikatoka kwenye tepu.

"Huyu ni mwenye nyumba. Ametoka nje kwa joto. Hapo alipolala ni kitandani kwangu. Akija yeye, mimi nahama."

Mzee Jamaldin akageuka nyuma gizani.

"Mbodze, mbona hukuniamsha?"

Jibu likatoka mlangoni. "Nikuamshe nikwambie n'ni, Mzee? Kuwa u kitandani kwangu?"

Walicheka mpaka viti vikaanguka, na Mzee mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote. Hakutufukuza. Tulipigiwa makofi, na nilirudi nyumbani nikirukaruka na buibui langu kama mtoto wa chekechea.

Jumatatu asubuhi na mapema nilikuwa nikiirudisha kamera chuoni, nikapita mtaa ule. Mama Mbodze alikuwa amelala barazani, leso usoni, miguu yote miwili imenyooka. Juu, dirishani, alikuwepo Mzee Jamaldin na fulana iliyolowa jasho, akijipepea kwa kipepeo cha ukili. Aliponiona aliweka kidole mdomoni, nisije nikamwamsha mgeni wake. Nilimpenda sana dakika ile. Nilijiziba mdomo nisicheke, nikaenda hadi pembeni.

Pembeni nikasimama. Kando ya ile baraza kulikuwa na chumba cha chini cha nyumba hiyo hiyo, kufuli lake lina kutu, na tangu mwanawe Mzee, aliyekuwa akilala humo, ahamie Jeddah sikuwa nimeona dirisha lake likifunguliwa. Kamera ilikuwa begani, haina filamu. Nikarudi hadi chini ya dirisha, nikanong'ona kwa nguvu.

"Shikamoo, Mzee. Chumba hiki cha chini analala nani?"