Asubuhi Bila Matusi

Ni mimi niliyeokoa mtaa wetu wa Katoyi na kolera. Mimi Kanyere, peke yangu, kwa kinywa changu tu. Haya, muniache nirekebishe kidogo: hiyo ya peke yangu ni kusema tu. Kulikuwa na Kakule na sindano yake, kulikuwa na Injenia, na mambo yalipoanza mimi nilikuwa nimelala kwenye benchi, mate yananitoka.

Benchi yenyewe ni ya kazi, musicheke. Biro yetu, yaani ofisi ya maji, ni ndogo: pampu inayovuta maji ya ziwa, tanki juu ya mawe ya volkano, na robine chache, bomba za kuchotea, huku chini. Injenia Nizeyimana, mkubwa wetu, aliona vema wateja wapate mutu wa kusikiliza malalamiko yao. Kwanza alimweka binti aliyesoma sana. Akatukanwa, akalia, akaacha kazi. Ndipo akaniweka mimi, maana mwanamke wa umri wangu ukimtukana, ataikumbusha foleni nzima mpaka mwaka gani ulikuwa ukikojoa kitandani.

Na lalamiko lilikuwa lile lile kila asubuhi: harufu ya dawa tunayotia majini kuua vidudu. Na wote waliniita Koko, yaani nyanya.

"Koko, mayi yenu inanuka kama opitali!"

"Afazali mayi inuke opitali, kuliko weye ulale mule."

"Koko, chai yangu iko na ladha ya sabuni!"

"Basi leo hata tumbo yako itafuliwa."

Mkali kuliko wote alikuwa Uwamariya, mwenye kupika kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Kasiksi haipendi dawa. Ukiitengeneza na maji ya dawa inalala tu, haichachuki. Kwa hiyo Uwamariya alikuwa na vita na sisi. Kila asubuhi alipita mbele ya benchi yangu, kitenge kimefungwa vizuri, akasema kwa sauti ya kanisani: "Miye, mayi ya batu hawa haijaingia kwangu hata tone moja! Nakunywa ya mvua. Bajukuu bangu banakunywa ya mvua." Kisha anaenda zake akitingisha kiuno. Ubaya ni kwamba watu walimsikiliza. Kuna wamama walioanza kurudi ziwani na bidoni zao, madumu ya maji, kwa sababu ya mdomo ule.

Sasa, siku ile. Kilichoniamsha kwenye benchi ni kukosa matusi. Nilifungua jicho moja. Foleni ilikuwa ndefu, watu wanacheka, bidoni zinajaa, na hakuna aliyekuja kwangu. Nikafungua na la pili. Masika, ambaye tangu robine ifunguliwe hajawahi kupita bila kunitukana, aliinamisha kichwa kwa heshima.

"Koko, leo mayi iko tamu. Asante sana."

Asante! Katika maisha yangu nimekimbia vita, nimekimbia volkano, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa ile asante. Nilitafuta viatu vyangu kumbe viko miguuni. Nikapanda kwenye tanki, mawe yananichoma, magoti yanapiga kelele.

Kakule, mlinzi wa tanki, alikuwa amekaa kwa raha zake.

"Kakule, dawa iko?"

"Iko, Koko. Angalia mwenyewe, pipa imejaa kabisa."

"Na jana jioni?"

"Ilikuwa imejaa vilevile. Nikafurahi, nikasema leo hatutakosa dawa."

Alisema hivyo, halafu kinywa kikabaki wazi. Maana pipa lile linatona kwenye tanki usiku na mchana, kwa kampira kembamba kama mrija. Pipa linalotona halibaki limejaa. Tulipoinua kampira, kalikuwa kameziba kwa ukoko mweupe, mgumu kama jino.

Injenia alikuja mbio. Akachota maji kwenye kachupa kake, akatia kidonge chake. Maji yakiwa na dawa, yanageuka rangi ya waridi. Tulingoja. Yalibaki meupe kama machozi. Wakati ule kolera ilikuwa imekwisha kusikika upande wa Kibati, na ziwa letu, ninyi wenyewe munajua nani wanafulia mule na nani wanafanya mengine.

Kakule akazibua kampira, dawa ikaanza tena kutona. Lakini maji ya asubuhi yalikuwa yamekwisha kuingia manyumbani, hata nyumbani kwa Injenia, ambako mke wake alikuwa ametoka kujifungua.

Injenia alituma mutu nyumbani kwake, kisha akachukua megafone. "Wateja wetu! Maji ya leo asubuhi musikunywe! Muyamwage, ama muyalete tuyatie dawa!"

Hakuna aliyesogea. Wamama walikuwa wameyabeba maji yale mgongoni juu ya mawe.

"Siku munatupatia mayi nzuri ndiyo munataka tumwange?"

"Bameona tunafurahi, wivu inabakamata!"

Injenia alishusha megafone. Akanigeukia. "Koko, sasa tufanye nini?"

"Papa Injenia, umeshaomba mutu pardon, musamaha ya kweli, siku moja?"

"Pardon? Mke wangu, mara moja."

"Ile haihesabiki, ulikuwa na njaa. Leta hiyo kitu yako."

Nikaishika megafone, nikakohoa ndani yake mpaka mbuzi wa jirani wakaruka.

"Wamama ba Katoyi! Biro ya mayi imekosa! Injenia mwenyewe, ule wa shati ya pasi, ataomba pardon kwa kila mutu, mumoja-mumoja, hapa mbele ya benchi yangu! Lakini ni kwa wateja tu! Asiyekuja na mayi aliyochota leo asubuhi, haombwi kitu!"

Sasa niambieni ninyi: mumeshaona biro ikiomba pardon? Sisi tumezeeka mbele ya madirisha ya biro tukiambiwa turudi kesho, na sisi ndio tunaosema pardon. Walikuja, mama yangu, walikuja! Bidoni mgongoni, bidoni kichwani, bidoni kwenye chukudu, baiskeli zetu za mbao. Emerance alileta birika lake, chai imekwisha kuwekwa ndani. Muzee Twagirimana alikuja na kikombe nusu, na fimbo, ili asipitwe. Waliokuwa sokoni waliitwa na majirani, wasikose.

Injenia alianza kwa sauti ndogo, kama anaongea na vifungo vya shati.

"Pardon, mama."

"Sijasikia," akasema Masika.

"Pardon, Mama Masika. Tulikosa. Mayi ya leo haikuwa na dawa."

"Rudilia. Bale ba nyuma habajasikia."

Injenia akacheka, maskini, kisha akainama kweli, kwa moyo, na tangu pale hakuna aliyemdharau tena. Alipokuwa akiinama, Kakule alikuwa upande wa pili na sindano kubwa isiyo na ncha, anapiga dawa, bidoni kwa bidoni. "Ngoja nusu saa mbele ya kunywa, mama. Nusu saa!" Harufu ya opitali ikajaa njia nzima, tamu kuliko marashi.

Niwaambie kabisa, musiwe na wasiwasi: kwenye robine zetu hakuna nyumba hata moja iliyopata kolera. Kitoto cha Injenia sasa kinatambaa.

Jua lilikuwa limeinama magharibi foleni ilipokaribia kwisha. Mwishoni kabisa nikaona bidoni iliyofunikwa kitenge, na nyuma yake Uwamariya.

"Ee, mama, umepotea njia?"

"Nimekuja kuangalia tu."

"Na ile ndani ya kitenge?"

"Mayi ya mvua."

"Kumbe! Papa Injenia, muruke huyu, mvua siyo yetu. Mungu mwenyewe ndiye atamuomba pardon. Na weye Kakule, weka sindano chini, usiharibu mayi ya mvua ya mwenzako."

Kakule akaiweka chini. Wamama wote wakasogea kutazama. Uwamariya akapiga hatua kwenda, akarudi, akaitazama ile sindano.

"Koko, acha mchezo."

"Mchezo gani? Mvua iko safi. Nenda, uwape bajukuu."

"Tia dawa, Kakule!" akapiga kelele, kitenge kikaanguka. "Tia, nakuambia! Munataka bajukuu bangu bakufe na kolera ya robine yenu?"

Injenia alinyoosha shati yake, akainama mpaka chini kabisa.

"Pardon, Mama Uwamariya," akasema. "Pardon, mteja wetu."