Kikombe cha Kumi

Puf.

Ilisikika nyuma ya ukuta, kama fimbo iliyotua kwenye godoro. Fundi bunduki alikuwa na bisibisi mkononi, akifungua kitako cha bunduki ya mteja. Miaka ishirini amesikia bunduki zikilia katika ua ule wa majaribio, na bunduki nzima haisemi puf. Aliitupa bisibisi, akatoka mbio.

"Shemeji! Usipige tena! Ishushe!"

Mdogo wa mumewe alikuwa amesimama mbele ya magunia ya mchanga. Amekwisha kutoa ganda la kwanza na kusukuma risasi nyingine mahali pake. Alicheka.

"Kujikwaa si kuanguka, shemeji. Moja limekohoa tu."

"Toa hiyo, uilaze bunduki mezani."

Fundi alipitisha ufito wa shaba kwenye mtutu wa kulia. Uliingia hadi kati, ukagota. Marisau, vile vipira vidogo vya risasi, na kizibo chake vilikuwa vimekwama njiani.

"Ungefyatua ya pili, mzigo ungegonga mzigo. Mtutu ungepasuka hapa, ulipokuwa mkono wako wa kushoto."

"Bunduki ya marehemu baba haipasuki."

Mzee aliwaachia wanawe wawili bunduki pacha za marisau, za enzi ambazo mitutu ilitengenezwa kwa kusokota vipande vya chuma na kuvifua pamoja. Moja ilikuwa hii. Nyingine alikuwa nayo mume wa fundi. Fundi aliizibua mitutu, akaining'iniza kwa uzi na kuigonga kwa kijiti. Mitutu mizima hulia kama kengele. Hii ilitoa mlio mfupi wa sufuria iliyopasuka. Akamulika ndani kwa tochi, akamwonyesha: kutu imekula kwenye maungio ya chuma, vishimo vimefuatana kama makovu ya ndui.

Kisha akaliokota lile ganda lililokohoa. Ndani hapakuwa na masizi ya baruti.

"Hili hukulitia baruti. Kilicholia ni fataki yake tu, ya kuwashia."

"Nililitia! Nilipima vikombe kumi, vile vidogo vya dawa ya kikohozi, nikavipanga mezani. Maganda kumi, vikombe kumi. Vyote viliisha."

"Ukazungumza kwenye simu."

Shemeji alijikuna shingo. "Mchumba alipiga. Sasa nimkatie simu kwa ajili ya baruti? Hiyo ndiyo ingelipuka kweli."

Fundi hakucheka. "Vikombe kumi viliisha, na ganda moja halikupata kitu. Kikombe chake kiko wapi?"

Kicheko kilikuwa kimemtoka shemeji.

"Kuna moja lilikuwa bishi kuziba," alisema polepole. "Nikalibana."

Fundi alizipima risasi nne zilizobaki kwenye mizani yake ndogo. Zilikuwa sawa, zote nne.

"Tano nyingine?"

"Nimempa kaka asubuhi. Yuko shambani, anawavizia nguruwe mwitu."

Fundi alipiga simu. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Mara ya tatu mumewe alijibu kwa kunong'ona.

"Mke wangu, niko kazini. Wako watatu, hatua ishirini."

"Umepiga?"

"Nilikuwa nalenga, na wewe unanitetema mfukoni."

"Fungua bunduki. Toa risasi zote mbili."

"Watakimbia."

"Wakimbie."

"Na mahindi je?"

"Mahindi yataota tena. Vidole havioti. Toa!"

Walisikia chuma kikifunguka, kisha vishindo vya nguruwe vikipotea, kisha tusi moja refu.

Mchana mumewe aliingia karakanani, matope hadi magotini, akamwaga risasi tano mezani. Fundi alimsukumia shemeji mizani.

"Pima mwenyewe."

Zile mbili zilizokuwa mitutuni zilikuwa sawa na nyingine zote. Ya tatu, sawa. Ya nne ikazizidi nyingine kwa gramu moja na nusu. Ya tano, sawa.

Mumewe aliichukua ile ya nne, akaigeuza kwenye mwanga.

"Hii ilikuwa kwenye mfuko wa shati. Ya akiba." Akavuta kigoda, akakaa. "Nguruwe walikuwa watatu. Ningeifikia."

Fundi aliikata ile risasi kwa kisu. Akakinga kikombe kidogo, akamimina baruti. Kikombe kilijaa, baruti ya kikombe cha pili ikamwagika mezani.

"Kaka," mdogo alianza, "mimi..."

"Usiniambie mimi. Mwambie huyu aliyekaribia kuwa mjane."

Mdogo alimgeukia fundi, akanong'ona kitu.

"Kwa sauti," alisema kaka yake. "Kwenye simu huwa tunakusikia mtaa mzima."

Shemeji alisimama wima, mikono pembeni.

"Shemeji, mitutu ya baba baki nayo. Siipigi tena. Na nikijaza hata ganda moja, nitalijazia kwenye meza hii, wewe umesimama hapo ulipo, na simu yangu iko mfukoni mwako. Nakuahidi."